Sukari inapanda na kushuka ovyo: jibu kwa muuza machungwa wa Kange

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 23, nauza machungwa ya kumenya stendi ya Kange hapa Tanga. Miezi mitatu iliyopita nililazwa nikiwa hoi, nikaambiwa nina kisukari aina ya kwanza. Najichoma insulini ya mchanganyiko, yuniti 18 asubuhi na 10 jioni. Nakula vilevile, nachoma vilevile, lakini asubuhi napata 6, mchana 19, usiku naamka natetemeka, shuka imelowa jasho, napima nakuta 2.9. Mchana ikipanda najiongezea yuniti 6. Mama anadhani nakula vitamu kwa siri. Shangazi anasema ninywe mwarobaini niachane na sindano. Nimechoka, naona kama mwili umenigeuka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na ahsante kwa picha za daftari lako la vipimo vya sukari. Kurasa zote kumi na moja nimezisoma, hata ile iliyomwagikiwa chai.

Nianze na la shangazi, maana hilo halisubiri. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili imezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mwarobaini hauzirudishi, na hakuna jani, mzizi wala unga ninaoujua unaozirudisha. Ukiacha sindano, ndani ya siku chache tu mwili utaanza kuunguza mafuta, asidi ziitwazo ketoni zitajaa kwenye damu, utatapika, utahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na utarudi pale pale ulipokuwa miezi mitatu iliyopita. Safari hiyo huenda usirudi. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, kule Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo wengi waliopata ugonjwa huu hawakumaliza hata miaka miwili. Mwambie shangazi kwa adabu: dua iendelee, na sindano iendelee.

Sasa daftari.

Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia kila namba iliyozidi 15. Zilikuwa 14. Kati ya hizo, 12 ni za mchana, kati ya saa sita na saa nane, na zote 12 ni za siku ulizokuwa kazini. Nikatafuta Jumapili, siku unayoshinda nyumbani. Jumapili tatu ulipima mchana, ukaandika 8.1, 9.4 na 7.7. Sindano ni ile ile, na chai ya asubuhi ni ile ile, maandazi mawili na mbaazi za nazi. Kama kosa lingekuwa kwenye chakula au kwenye dozi, Jumapili isingekuwa tofauti na Jumatatu kiasi hicho. Nikabaki najiuliza swali moja: saa sita mchana pale Kange, mikono yako huwa na nini?

Nimewaangalia wenzako pale stendi mara nyingi nikisubiri gari. Chungwa la Muheza linazungushwa kwenye kisu, ganda linashuka kama utepe, maji yanafuata kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Abiria analipa, noti inaingia kwenye aproni, chungwa jingine linashikwa. Kwa siku ni machungwa mia na zaidi. Maji yale yanakaukia kwenye ngozi, na yakikauka sukari yake inabaki, hasa pembeni mwa kucha, pale pale unapochoma kidole ili upime.

Tone la damu linaloingia kwenye stripu ya mashine ya kupimia ni dogo kuliko kichwa cha pini. Sukari kidogo mno ya chungwa ikichanganyika na tone hilo, mashine haijui kwamba ile si ya kwako. Inasoma vyote pamoja na kukuandikia 19. Jambo hili limepimwa na watafiti: watu wasio na kisukari kabisa walimenya matunda, wakapimwa kidoleni bila kunawa, wakaonekana wana sukari ya juu sana. Waliponawa kwa maji, namba zikarudi za kawaida. Kufuta kwa pamba ya spiriti hakukutosha, hata walipofuta mara kadhaa.

Kwa hiyo kesho fanya hivi. Menya machungwa yako kama kawaida, na ikifika saa yako ya kupima, pima kidole kimoja bila kunawa. Kisha nawa kwa maji na sabuni, ukaushe vizuri, upime tena kidole kile kile. Najua stripu ni ghali na nakuomba utumie mbili kwa dakika tano, lakini hizo mbili zitakueleza mengi kuliko ishirini ulizokwisha kutumia. Usichome chochote kwa ajili ya ile namba ya kwanza. Na kuanzia hapo weka kando ya meza kidumu cha maji na kipande cha sabuni. Siku maji yakikosekana kabisa, futa tone la kwanza kwa kitambaa safi, kamua la pili, pima hilo. Si sawa na kunawa, ila ni afadhali.

Sitaki nikuhakikishie kwamba kila namba kubwa uliyoandika ni ya uongo. Nadhani nyingi ni za uongo. Kidole kilichonawa kitatuambia.

Hapo tunaingia kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni zile yuniti 6.

Rudi kwenye daftari uangalie usiku ulioamka unatetemeka: 2.9, 3.2, 3.4 na 3.6. Mara tatu kati ya nne, mchana wake umeandika "+6". Insulini yako ya mchanganyiko, ile inayofanana na maziwa, ni dawa mbili ndani ya chupa moja. Asilimia 30 ni ya haraka: inaanza kazi baada ya kama nusu saa na inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa mbili na nne tangu kuchoma. Asilimia 70 ni ya polepole: nguvu yake kubwa inakuja kati ya saa nne na kumi, na inaendelea kudondoka kidogo kidogo hata baada ya hapo. Ukijiongezea 6 saa saba mchana, kama yuniti 4 kati ya hizo ni za polepole. Zinafika jioni bado ziko kazini. Saa moja usiku unachoma 10 zako. Sasa dawa ya mchana na dawa ya jioni zinakutana ndani ya mwili mmoja uliolala, na hakuna chakula kinachoingia. Saa tisa usiku unaamka shuka imelowa.

Na pengine ile sukari ya mchana uliyokuwa unaitibu haikuwepo. Ilikuwa kwenye kidole.

Basi insulini ya mchanganyiko usiitumie kushusha sukari ya katikati ya siku. Iache kabisa hiyo +6 kuanzia leo. Ukikuta 15 au zaidi kwa kidole kilichonawa, kunywa maji, pima tena baada ya saa mbili au tatu. Ikiendelea hivyo, piga simu kliniki. Lakini ikiambatana na kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu au usingizi usio wa kawaida, usipige simu, nenda hospitali. Hapo kwenu hospitali ya Bombo si mbali, na dharura ya namna hiyo hailali nyumbani.

Ule usiku wa nne, wa 3.6, haukuwa na +6. Pembeni umeandika kwa herufi ndogo: "gari la mzigo, tumeshusha magunia." Umefanya vizuri sana kuliandika. Misuli iliyofanya kazi nzito inaendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa saa nyingi baadaye, hata usiku kucha. Siku ya magunia kula kidogo zaidi jioni, na usilale bila kupima.

Nikuulize kuhusu chakula cha mchana. Hukukiandika siku nyingi, na nadhani najua kwa nini. Magari ya Dar na ya Arusha yakiingia pamoja hakuna muuza machungwa anayekaa kula. Tatizo ni kwamba sindano ya saa moja asubuhi inakuwa imefika kwenye nguvu yake ya polepole kuanzia saa tano mchana mpaka jioni. Dawa hii haijali kama gari limeingia au halijaingia. Mtu aliye kwenye dawa ya mchanganyiko amefungwa na saa yake ya kula, na huo ndio ubaya wake. Kwa hiyo saa saba kula, hata kama ni kusimama: wali kiasi cha ngumi yako na maharage na samaki, au kipande cha muhogo na dagaa. Kiasi kisibadilike sana siku hadi siku. Usiogope nazi, ila jua kwamba mafuta yake yanachelewesha wanga kuingia kwenye damu, hivyo wali wa nazi unaweza kukuonyesha namba nzuri baada ya saa mbili kisha ukapanda baadaye. Hapo si mwili kukugeuka, ni nazi tu.

Na sindano ya asubuhi ichomwe nusu saa kabla ya chai. Ukichoma huku andazi liko mdomoni, wanga utatangulia na dawa itafuata nyuma.

Nataka nikueleze jambo ambalo hospitali wakati mwingine wanasahau kulieleza, kwa sababu ya foleni. Wewe uko kwenye kipindi tunachokiita fungate. Ulipolazwa, kongosho lako lilikuwa limezidiwa, lakini seli zake hazikuwa zimekufa zote. Insulini ya kuchoma ilipoingia, zile zilizobaki zikapumua, zikaanza tena kutoa insulini kidogo yako mwenyewe. Hutoa leo nyingi, kesho chache, hazitoi taarifa. Kipindi hiki kinaweza kuchukua wiki kadhaa, miezi, kwa wengine hata mwaka na zaidi. Dozi uliyopangiwa ukiwa mgonjwa mahututi huenda sasa imekuwa kubwa kwako, hasa ile 10 ya jioni. Mwenye uzito wako na miezi yako mitatu, mara nyingi kliniki huipunguza. Ndiyo maana nataka uende wiki hii, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Namba nne chini ya 4 usiku ndani ya mwezi mmoja zinatosha kuwa sababu.

Ila nikuonye: katika fungate wengine huona dozi inapungua wakadhani wamepona, na hapo ndipo maneno ya shangazi yanapata nguvu. Hujapona. Dozi ikishuka ishuke kwa mpango wa kliniki, na isifike sifuri.

Sasa chupa yenyewe. Ichukue uiangalie kwenye mwanga kabla hujaigusa. Utaona juu kumekuwa na maji maji na chini kumetuama weupe. Ule weupe ndiyo dawa ya polepole. Ukivuta bila kuchanganya, siku moja utavuta maji mengi, siku nyingine weupe mwingi, na yuniti 18 za Jumatatu hazitakuwa sawa na 18 za Jumanne hata kama umezihesabu kwa uaminifu. Ibiringishe polepole kati ya viganja mara 20, igeuze juu chini mara kadhaa, mpaka iwe nyeupe mwili mzima. Usiitikise kama chupa ya sharubati, itatoa povu. Ukiona mabonge au utando umeganda kwenye kioo, hiyo imeharibika, usiitumie.

Joto la Tanga linaiharibu, na joto la pochi iliyoachwa juani pale stendi ni kali kuliko la nyumbani. Huhitaji kwenda nayo kazini kwa sababu unachoma asubuhi na jioni tu, basi iache nyumbani. Kama hakuna friji, mtungi unasaidia: chupa ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya mtungi mkubwa wenye mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Pwani hewa yetu ina unyevu mwingi kwa hiyo mtungi haupoi kama wa Dodoma, lakini unapoa. Mwenye friji aiweke mbali na barafu, kwani ikiganda imekufa. Chupa iliyofunguliwa andika tarehe kwa kalamu, ikifika wiki nne achana nayo. Kopo la stripu nalo lifunikwe mara tu unapotoa moja, unyevu huo huo unaziharibu.

Pia, mwanangu, pitisha vidole kwenye paja lako la kulia. Umeniandikia kwamba unapenda kuchoma hapo "kwa sababu hapaumi tena". Mahali pasipouma mara nyingi pana kinundu: mafuta yamekua chini ya ngozi kwa kuchomwa pale pale kila siku, na insulini ikiingia humo hutoka inapotaka yenyewe, leo mapema, kesho jioni. Hamia tumboni na paja la kushoto, kila sindano iwe mbali na ile ya jana kwa upana wa kidole. Lakini usihame kimya kimya. Kwenye ngozi nzima dawa inaingia vizuri zaidi, na dozi ile ile inaweza kukuangusha. Hili liseme kliniki siku utakayokwenda, na hizo siku za mwanzo pima mara nyingi zaidi, hasa usiku.

Mengine nitayapitia haraka, maana si ya leo. Siku chache kabla ya hedhi sukari ya wanawake wengi hupanda, kwa hiyo weka alama kwenye daftari uone mzunguko wako. Homa na malaria huipandisha, na hata ukishindwa kula usiache insulini. Alfajiri mwili wenyewe hutoa homoni zinazopandisha sukari. Mashine nayo si hakimu: ikikuandikia 10, sukari halisi inaweza kuwa 8.5 au 11.5, na bado mashine ni nzima, hivyo tofauti ya 7.2 na 8.0 isikunyime usingizi. Kama una selimundu au umeambiwa damu ni pungufu, mtajie daktari kabla hajakupima kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kwa sababu kinaweza kudanganya. Na Ramadhani, kama unafunga: kwa hali uliyonayo sasa nakuomba usifunge mwaka huu. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani yenyewe, Surat al-Baqara, wala hukuiomba wewe.

Ukijisikia unatetemeka, jasho, njaa ya ghafla, au wenzako wanasema umekuwa mkali bila sababu, pima. Ikiwa chini ya 4, au huna nafasi ya kupima, tibu kwanza: vijiko vitatu mpaka vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Wewe una bahati, dawa ya dharura unashinda nayo: kamua machungwa mawili, unywe maji yake. Pima tena baada ya dakika 15, kwa kidole kilichonawa. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda na saa ya kula iko mbali, kula kipande cha mkate au muhogo. Chokoleti na andazi zisiwe za kwanza, mafuta yake yanachelewesha. Mfundishe yule dada wa meza ya pili jambo moja tu: akikukuta umeanguka hujitambui, asikumiminie kitu mdomoni, akulaze kwa ubavu na aite bajaji ya hospitali.

Hivyo nakupangia wiki mbili, na ndani yake usibadilishe kitu kingine chochote kwa uamuzi wako. Nawa kabla ya kila kipimo. Hakuna +6. Chakula cha mchana saa saba. Stripu zikiwa chache zigawe: siku hii pima kabla ya chai na kabla ya chakula cha mchana, siku inayofuata kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Weka kengele ya simu saa tisa usiku mara mbili kwa wiki. Unachokitafuta kabla ya kula ni kati ya 4 na 7, na kabla ya kulala sikutaki chini ya 6 kwa sasa. Kliniki wakibadilisha dozi ndani ya hizo wiki, fuata wao, kisha uniandikie walichosema.

La mama nimeliacha mwisho kwa sababu linahitaji awepo. Mkalishe, mnawe mikono wote wawili, mpime yeye kwanza. Kisha mpe chungwa alimenye, asinawe, umpime kidole kile kile. Akiona mwenyewe namba inavyoruka kwenye mkono wake, usiongeze neno. Mimi nipigie picha ile namba ya pili, pamoja na kurasa za wiki hizi mbili, na zile siku utakazosahau kupima ziache wazi, usizijazie.